Fisi na Sheria ya Nguzo

Paukwa?
Pakawa.
Pakawa wapi?
Chini ya mlima, ndani ya shimo la makaa ya mawe.

Basi humo Fuko na nduguze walichimba, chwaka, chwaka, chwaka. Fisi hakuchimba. Fisi alikaa mlangoni, kazi yake kupokea. Kikitoka kikapu, anapokea. Kikitoka kingine, anapokea. Lundo lake likapanda kama kichuguu, na Fuko hana hata punje. Kipupwe kilikuwa kimeingia, watoto wa Fuko wanatetemeka, na moyo unamuuma.

"Mzee Fisi," akasema Fuko, "tupe japo debe moja, watoto wanakufa baridi."

"Wafunike majani," akajibu Fisi.

Sasa, shimo lile lilikuwa na sheria ya tangu mababu: nguzo ikilia, mnatoka wote, mikono mitupu. Hata sururu inaachwa. Magogo ya nguzo hizo ndiyo yameubeba mlima, na gogo halilii bure.

Kesho yake Fuko akaja na adabu zake zote. "Mzee, huko chini tumefikia makaa yanayong'aa. Tumeona haya kuyagusa kabla yako."

"Mmefanya vyema," akasema Fisi. Akaingia na magunia mawili, akajaza, akashindilia.

Mara gizani, kwii, kwii, kwii.

"Nguzo inalia," akasema Fuko taratibu. "Tutoke."

Mafuko wakatoka, mikono mitupu. Fisi akaja na magunia yake hadi penye njia nyembamba, akakwama. Akivuta, hayaji. Akisukuma, hayaendi.

"Yaache, mzee."

"Siachi."

"Mlima utakuangukia."

"Siachi."

Akavutana nayo mpaka jioni. Alipochomoka, mlangoni peupe, lundo halipo.

"Makaa yangu yako wapi?"

"Sheria yasema tutoke mikono mitupu," akajibu Fuko, huku akitema unga wa gogo uliobaki menoni. "Tukatoka mitupu. Tukishafika nje, haisemi kitu. Ila wewe, mzee, mbona umetoka na magunia?"

Fisi akatazama mikono yake. Siku ile watoto wa Fuko walilala wamenyoosha miguu.

Hadithi nimeitua hapa. Mwenye nguvu aibebe. Na funzo lake, wanangu, ni hili: msimdanganye mkubwa wenu hata kidogo, mkishamaliza kusomba.