Kiboko Aliyeibiwa Moshi

— Ngano hiyooo!
— Na ije!
— Ije imevaa nini?
— Ivae uongo, ndani ifiche ukweli!
— Nikisimulia mtasinzia?
— Atakayesinzia mmwagie maji!

Haya, maji yapo ndooni, na mimi leo sina mchezo. Sogeeni.

Zamani wanyama walikuwa na chuo chao kando ya mto. Wengine walisomea hesabu, wengine tiba, wengine ualimu. Na mambo yote ya pale yaliamuliwa kwa kengele. Kengele yenyewe ilikuwa ringi la lori lililoning'inizwa kwenye nguzo. Sheria ikitamkwa, ringi linagongwa: nga! nga! nga! Likishagongwa, basi. Sheria haifutwi mpaka masika yajayo, hata na aliyeitunga. Mmesikia? Shikeni hapo, msije mkanisumbua na maswali mbele ya safari.

Mwenyekiti wa chuo alikuwa Kiboko. Mwili huo! Shingo hiyo! Na uchoyo wake, usiseme. Akila ndizi, maganda anayakalia ili mbuzi asiyapate. Alikuwa anavuta msokoto wa tumbaku mnene kama mchi wa kinu, asubuhi mpaka jioni. Fyuuu! Puuu! Fyuuu! Puuu!

Sheria ya chuo ilisema: marufuku kuvuta ndani ya darasa. Kiboko akaitii sana. Alikaa mlangoni, makalio ndani, mdomo nje. Upepo ukivuma, moshi wote unarudi darasani. Swala anakohoa, Nyani anakohoa, hata Mwalimu Kobe, mkuu wa chuo, anakohoa huku kichwa amekiingiza gambani.

Wakamwambia, "Mheshimiwa, moshi unaingia."

"Mimi nimeingia?" Kiboko akauliza.

"Hapana, mheshimiwa. Moshi."

"Basi ushitakini moshi! Sheria imesema ndani, mimi niko nje. Kengele imeshagongwa!" Fyuuu! Puuu!

Sasa, mle darasani alikuwamo Pimbi, mdogo kama bakuli, anasomea ualimu na mwanawe mgongoni. Mtoto anaitwa Kidawa, na kifua cha Kidawa kilikuwa kibovu. Moshi ukiingia, kinalia hiii, hiii, hiii. Siku moja Bi Korongo, muuguzi wa chuo, akaweka sikio kwenye kile kifua, kisha akasema, "Mama Kidawa, sikufichi. Mtoto huyu akiendelea kuvuta moshi huu, tutamzika."

Pimbi hakulia. Machozi yalikuja, akayarudisha. Akamfunga mtoto mgongoni, akaenda moja kwa moja mlangoni kwa Kiboko.

"Shikamoo, mheshimiwa."

"Marahaba. Unataka nini? Mimi nimekaa nje!"

"Nakuonea huruma tu, mheshimiwa. Unaibiwa."

Msokoto ukasimama hewani. "Naibiwa nini?"

"Moshi. Tumbaku umelima wewe, umekausha wewe, umesokota wewe. Halafu wewe unavuta kidogo, wanaobaki wanavuta bure. Swala anavuta. Nyani anavuta. Mwalimu Kobe ndiye kabisa, anaufungia gambani!"

Kiboko akageuza kichwa polepole. Akaona moshi unaingia darasani. Akaona Swala anaupumua. Akaona Nyani anaupumua. Macho yakamtoka.

"Moshi wangu!" akanguruma. "Moshi wangu mimi!"

Pimbi alidhani sasa atachukua msokoto wake aende zake mbali. Thubutu! Hamjui mchoyo nyinyi. Kiboko aliondoka mbio, ardhi inatikisika, gudu! gudu! gudu!, mpaka kwenye ringi.

"Sikilizeni, wezi wakubwa! Kuanzia sasa, atakayekohoa ndani ya chuo hiki ndiye mwizi wa moshi, maana kikohozi ndicho ushahidi. Na mwizi anavushwa mto leo leo, harudi tena!"

Nga! Nga! Nga!

Mungu wangu! Ng'ambo ya mto ni kwa Chui. Wote wanajua. Wanyama wakaziba midomo. Swala akaziba. Nyani akaziba kwa mikono na miguu. Chuo kizima kimya, na Kiboko anaanza kupita mmoja mmoja, anatega sikio. Gudu. Gudu. Gudu.

Na mgongoni kwa Pimbi, kifua cha Kidawa kikaanza: hiii... hiii...

"Nyamaza, mwanangu," Pimbi akanong'ona. "Nyamaza, mama yangu." Akamgeuza mbele, akamchomekea ziwa. Mtoto akanyonya kidogo, akaliachia. Kifua kinapanda. Kifua kinashuka. Kikohozi kimefika kooni, kinatafuta mlango. Na Kiboko amemaliza kwa Swala, amemaliza kwa Nyani, sasa anakuja. Gudu. Gudu. Pimbi akajilaani moyoni. Ulimi wake mwenyewe ndio uliomleta pale.

Kiboko akasimama mbele yake. Sikio lake, kubwa kuliko mtoto mwenyewe, likainama. "Huyu mbona analia kama mlango mbovu?"

"Mheshimiwa!" Pimbi akapiga kelele. "Upepo! Tazama upepo! Wewe unashughulika na mtoto, na upepo unaondoka na moshi wako mzima mzima!"

Kiboko akageuka. Kweli, moshi wa msokoto wake ulikuwa unapaa juu ya paa, unakwenda zake.

"Nimekwisha! Nifanyeje?"

"Lile ghala kuukuu la mahindi, hapo nyuma ya darasa, mheshimiwa. Limekandikwa udongo, halina dirisha. Ingia, ufunge mlango, uvute. Hautatoka hata uzi. Moshi ulioutoa unauvuta tena. Tumbaku ileile, faida maradufu!"

"Maradufu?" Mate yakamtoka Kiboko. "Maradufu! Leteni tumbaku yangu yote!"

Akaingia na furushi zima. Wanyama wakafunga mlango, wakakimbilia udongo, wakaziba nyufa haraka haraka. Swala anakandika, Nyani anakandika. Pimbi naye akakimbia na mwanawe mpaka mtoni, penye hewa safi, akamwinua juu. "Pumua, Kidawa. Pumua, mwanangu." Kifua kikapanda, kikashuka. Hiii... hii... hi. Kikatulia.

Mle ghalani? Fyuuu! Puuu! "Tamu!" Fyuuu! Puuu! "Yangu peke yangu!" Fyuuu... Puu... Halafu:

"Kh."

Wanyama wakatazamana.

"Kho."

Mwalimu Kobe akatoa kichwa gambani.

"KHO! KHO! KHO! KHOOO!"

Gubu! Mlango ukaruka, Kiboko akatoka kinyumenyume, macho mekundu, makamasi yanachuruzika, anakohoa mpaka mkia unakohoa.

Mwalimu Kobe akamsogelea. "Mheshimiwa, nimekusikia."

"Ni moshi... kho!... ni moshi wangu!"

"Kengele haikuuliza moshi wa nani. Imesema atakayekohoa."

"Basi naifuta... kho! kho!... naifuta sheria!"

"Kengele imeshagongwa!" chuo kizima kikajibu.

Wakamsukuma mpaka majini. Akavuka mto huku anakohoa, kho! kho!, na Chui aliyekuwa ng'ambo akaona mlima unaokohoa unamjia, akahama kijiji. Basi Kiboko yuko huko mpaka leo, anajizamisha majini, akitokeza anapuliza pua, fff! Anasafisha kifua.

Sasa, Kiboko alipotoweka tu, wote wako ukingoni kimya, Kidawa akakohoa. Kho! Kidogo, lakini kila mtu alisikia.

Pimbi akamkumbatia mwanawe. Akamtazama Mwalimu Kobe. Sheria ni sheria, na mto ule pale.

Mwalimu Kobe akarudisha kichwa gambani. "Mimi masikio yangu mabovu," akasema kutoka ndani. "Nani kasikia kitu?"

"Hatujasikia!" wakasema wote, na Nyani akakohoa kwa makusudi.

Masika yalipofika, ringi likagongwa tena. Hakuna tena habari ya ndani wala nje: tangu lango la juu mpaka ukingo wa mto, hakuna kuvuta. Kidawa alisomea palepale, akawa mwalimu.

Ngano yangu naitua hapo. Aliyeipenda aibebe, aliyeichukia anirudishie, nitampa mwingine.

Na funzo lake? Funzo ni hili, wanangu: msiwe wachoyo. Kiboko angeendelea kuwagawia wenzake moshi kwa roho safi, angekuwa mwenyekiti mpaka leo.

Na wewe mwenzangu hapo dirishani, makalio ndani, mkono nje, unajiona mkarimu sana, eh? Lete hiyo sigara niizime. Nani huyo amekohoa?