Swala Aliyewahesabu Wenzake Mara Mbili

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo. Hapo kale, wanyama walipokuwa wakisemezana, mvua ilinyesha bondeni. Ilinyesha, ikanyesha, haikukatika. Mto ukafura. Radi zikalia, gudu-gudu-gudu!

Ndovu, mkubwa wao, akasema, "Tupande kilimani. Lakini kilima ni kidogo. Kina nafasi ya wanyama mia tu. Swala, wewe mwepesi, nenda ukatuhesabu."

Swala akaenda mbio. Akaita, "Wala nyasi, njooni!" Wakaja sabini. Akaita, "Wala majani ya miti, njooni!" Wakaja sitini. Akajumlisha. Mia na thelathini.

"Thelathini wamezidi," Ndovu akasema, machozi yakimlenga. "Wenye mwendo wa pole wakatafute kilima cha ng'ambo."

Miongoni mwao alikuwa Mwanamize, dada yake Swala, mguu wake mmoja mbovu. Huyo ndiye aliyemlea Swala mama yao alipofariki.

"Mdogo wangu," akasema Mwanamize, "ulipoita wala nyasi nilikuja. Ulipoita wala majani nilikuja tena. Mimi hula vyote. Je, umenihesabu mara ngapi?"

"Dada, hesabu nimekwisha kuipiga! Usinichanganye. Nenda, maji yanakuja!"

Mwanamize akamtazama. Akaondoka, chopi, chopi, chopi.

Huko juu kilimani Swala akawahesabu wenzake. Sabini. Akarudia. Sabini!

"Baba Ndovu, mbona kilima kimejaa asilimia sabini tu?"

Kabla Ndovu hajajibu, swali la dada yake likamrudia Swala, paa! Wala nyasi sabini, wala majani sitini. Lakini thelathini walikula vyote viwili, naye akawahesabu huku na huku. Hata yeye mwenyewe alijihesabu mara mbili! Mia na thelathini, toa thelathini, ni mia. Mia kamili. Wote wangeenea.

Akashuka mbio akilia, "Rudini! Nafasi ipo! Rudini!"

Digidigi akarudi. Ngiri akarudi. Wengine nao wakarudi, wametota, wanatetemeka.

"Dada yangu yuko wapi?"

Ngiri akainamisha kichwa. "Alikuwa nyuma yetu. Maji yalimkuta kivukoni. Aliita jina lako, kisha sikumsikia tena."

Swala akasimama ukingoni. "Dada! Dada Mwanamize!" Mto ukapita tu, shaaa, shaaa.

Mvua ilipokatika, wenzake walishuka kula. Yeye hakula. Alizunguka ukingoni akiita, mpaka sauti ikamkauka.

Basi, wanangu, aliye katika makundi mawili bado ni mmoja; mhesabu mara moja. Na mtu akikuuliza umehesabuje, msikilize kwanza, maana hesabu mbaya hufutika, aliyekwenda na maji harudi.

Hadithi yangu imekomea hapo, nami sina la kuongeza.