Kabureta ya Tatu

Gari la mlimani halipimwi tambarare. Jana shangazi yenu alipoitamka methali hii mbele ya washenga, mliangua kicheko. Mlidhani uzee umeanza kumchezea, maana watu wale walikuja kuposa, hawakuja kuuza gari. Leo mmekuja kuniuliza imetoka wapi. Kaeni basi. Haikutoka mbali, ilizaliwa kwenye barabara hii hii ya kupanda kutoka Mombo, na chanzo chake ni hiki.

Alikuwako Mzee Shekiango wa Kwemtindi, mwenye pikapu pekee kijijini. Pikapu yenyewe ilikuwa kuukuu, lakini ilibeba kabichi, ilibeba maharusi, na zaidi ya yote ilibeba wagonjwa kupanda mlima hadi hospitali ya Lushoto. Injini yake ilipokufa, kijiji kizima kilisikitika, ila aliyekosa usingizi ni mzee mwenyewe. Binti yake Staumai alikuwa na mimba ya miezi minane. Uzazi wake wa kwanza ulikuwa wa taabu, na mtoto hakupona. Daktari alikuwa amesema waziwazi kwamba safari hii uchungu ukianza tu, aletwe upesi.

Shemeji wa mzee akampa injini ya gari lake lililopinduka. Ilikuwa kubwa kuliko ile ya kwanza, nayo ilikuwa nzima, ila kabureta yake, kile kifaa cha kuchanganya petroli na hewa, ilikuwa imepasuka. Pikapu ikavutwa mpaka Mombo kwa fundi Mwajabu, mwanamke aliyezijua kabureta kama mpishi anavyojua chumvi. Siku mbili nzima mzee alikaa pale gereji akimsimulia habari za Staumai, hata fundi akawa anamjua binti ambaye hakuwahi kumwona.

Injini ilipokwisha kufungwa, Mwajabu akapanga kabureta tatu mezani. Ya kwanza ilikuwa ile ya injini ya zamani, ndogo mno kwa injini mpya. Ya pili ilikuwa ya wastani, imefubaa, ya gari la kawaida. Ya tatu ilitoka kwenye gari la mashindano, pana, inang'aa. Mzee akasogea mpaka pua ikaigusa.

"Hii," akasema.

"Mzee, hiyo ni ya kukimbilia," Mwajabu akamwambia. "Inamwaga petroli nyingi, na huko kwenu juu hewa ni haba. Petroli ikizidi hewa, injini inasongwa."

"Wewe funga, tujaribu."

Ikafungwa. Wakaingia barabara ya Korogwe, ile iliyolala sawasawa katikati ya mashamba ya mkonge. Mzee akakanyaga mafuta, gari likaruka! Alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Miaka sitini na mitatu alikuwa nayo, na siku ile aliitua yote njiani. Waliporudi gereji alikuwa bado anacheka.

"Gari hili linalala wapi, mzee?" Mwajabu akauliza.

"Kwemtindi. Kwani hujui?"

"Basi bado hatujalijaribu."

Mzee akanuna. Kwa wiki tatu alikuwa na hofu kifuani, na sasa amepata kitu cha kumwondolea hofu, huyu fundi anataka kumnyang'anya. Akatoa asante ya shingo upande, akawasha gari, akaondoka.

Kona za mwanzo alizipanda kwa mbwembwe, akipiga honi hata pasipo na mtu. Alipokaribia Soni gari likaanza kukohoa. Akapunguza gia, likatoa moshi mweusi. Akakanyaga mafuta, likazidi kukabwa. Kwenye kona kali likazima kabisa, na kila alipoliwasha lilinguruma kidogo likanyamaza. Akaweka mawe nyuma ya magurudumu, akakaa ukingoni mwa barabara. Hapo akamwona Staumai, kama yuko mbele yake kweli, amelala nyuma ya pikapu kwenye kona kama ile, uchungu umemshika, na gari limezima. Mzee akalia, mtu mzima yule, wala hakuona haya.

Lori tupu lililokuwa linapanda kufuata mbao likasimama. Mwajabu akashuka na kifurushi cha khanga kwapani.

"Umejuaje?" mzee akauliza, akijifuta uso.

"Umenisimulia Staumai siku mbili, baba. Ningekaaje?"

Akachomoa plagi moja, ile inayotoa cheche ya kuwasha injini, akamwonyesha. Ilikuwa nyeusi tititi kwa masizi ya petroli isiyoungua. Akafungua khanga, ndani mkiwa na ile kabureta ya pili. Akaifunga pale pale barabarani, na kile kitundu cha kupitishia petroli akakibadilisha, akaweka chembamba zaidi. Gari likawaka. Mzee akarukia usukani aende zake.

"Bado!" Mwajabu akasema. Akawaita akina mama waliokuwa wanatoka soko la Soni na mizigo yao, akawapandisha nyuma wote. "Mzazi hasafiri peke yake. Atakuwa na mama yake, na mkunga, na mashangazi wasiokubali kubaki."

Gari likapanda. Halikuruka, halikujionyesha, lilipanda tu, kona baada ya kona, bila kikohozi hata kimoja. Akina mama wakapiga vigelegele mpaka kileleni.

Siku ya tisa baada ya hapo, adhuhuri, uchungu ukamshika Staumai. Njia nzima mzee aliisikiliza injini huku akinong'ona dua. Walifika kwa wakati. Jioni alikabidhiwa mjukuu wa kike, mzima, mwenye sauti ya kuamsha mtaa.

Siku ya arobaini watu walijaa nyumbani, wakaisifu pikapu, wakamsifu na mwenye pikapu. Mzee Shekiango akasimama, akamshika Mwajabu mkono, akamleta mbele.

"Msinisifu mimi," akasema. "Mimi gari nililijaribu palipoifurahisha roho yangu. Huyu alilijaribu pale ambapo mwanangu angekwama. Mwajabu, mwanangu, asante. Najua haitoshi, lakini ndiyo niliyo nayo, nami nitaisema mpaka nife."

Staumai akainuka, akamweka mtoto mikononi mwa fundi, mikono ambayo sabuni ilikuwa imeshindwa kuitoa grisi kwenye kucha. Mwajabu akamtazama mtoto, akambusu kwenye paji la uso. Ndipo mzee akawageukia wageni, machozi yakimtoka tena, akawaambia:

"Gari la mlimani, jamani, halipimwi tambarare."