Kosa la Mbodze

Sogeeni, watoto. Nawe mwenye muhogo mdomoni meza kwanza, maana leo mtaitikia.

Hapo kale zimwi lilijilaza kwenye njia ya kisimani, watu wakakosa maji. Likasema, "Nipigie kayamba bila kukosea, nikupishe. Ukikosea, nakumeza."

Akaja Katoi, fundi wa kayamba. Chaka-chaka-cha! Akakosea, akalitupa kayamba kwa hasira. Akamezwa.

Akaja Nyevu mwenye maringo. Chaka-chaka-cha! Akakosea, akasingizia kayamba bovu. Akamezwa.

Akaja Mbodze, mdogo wake Katoi. Ndiyo kwanza alikuwa anafunzwa na bibi yake, na bibi alimwambia, "Mjukuu wangu, kosa ukilikimbia litakufukuza. Lishike mkono, ucheze nalo."

Akapiga: chaka-chaka-cha… cha! Loo, cha moja imezidi!

Zimwi likapanua kinywa. Lakini mikono ya mtoto haikusimama. Akalirudia kosa lake: chaka-chaka-cha-cha! Akalirudia tena: chaka-chaka-cha-cha! Mguu wa zimwi ukaanza kugonga chini, tumbo likafuata. Likacheka hadi likamtapika Katoi, likamtapika Nyevu, nao wakaanza kucheza palepale.

"Kwani hukukosea?" likauliza, likihema.

"Nilikosea, babu."

"Basi piteni. Ila kesho uje ukosee tena."

Mpaka leo wageni wakisikia kayamba letu huuliza mbona cha moja imezidi. Ni kweli, tunakosea. Lakini tunakosea sote pamoja.

Haya, wanangu, itikieni: chaka-chaka-cha…