Tangi la Elinihaki

Hapo zamani, wala si zamani sana, maana tangi lenyewe bado lipo, huko milima ya Upare mwanamke aitwaye Namkunda alijifungua mabinti watatu kwa mpigo. Walipotimiza miaka saba, yeye na mumewe Elinihaki wakashindwa kuafikiana. Mume alitaka shule ya kulipia, wafundishwe Kiingereza na kuvaa tai. Namkunda alitaka shule ya serikali, aliyosoma yeye akatoka mtu. Wakagawana watoto. Nakiete akapelekwa kwenye tai, Eliaika akapelekwa serikalini, na kwa kuwa watatu hawagawanyiki kwa wawili, Sifaeli akabaki na mbuzi mpaka wazazi wapatane. Ukapita mwaka. Ukapita wa pili.

Jumamosi moja, kabla hajala kitu, Elinihaki aliingia ndani ya tangi la maji kulisugua. Namkunda akamhurumia, akampitishia makande humo humo, sufuria nzima. Alipomaliza kula, kichwa kilitoka kwenye shingo ya tangi, mabega yakatoka, tumbo likagoma.

Majirani walitaka kulikata tangi. Akakataa, lilikuwa jipya. Jua likapanda, plastiki ikapata moto, sauti yake ikaanza kufifia, na Namkunda aliyekuwa akicheka akaacha kucheka. Ndipo mume akaapa mbele ya watu: "Mwanangu atakayenitoa humu ndiye atakayechagua shule. Wote watatu watasoma atakaposema yeye, na mimi na mama yao tutanyamaza."

Nakiete akasoma Kiingereza kilichoandikwa ubavuni: shingo ya tangi hufunguka ikizungushwa kushoto. Watu wazima wakazungusha, haikutikisika. Eliaika akakimbia kuwaita wenzake wa darasani, tisini na wanne, wakalizunguka tangi na kusukuma kwa wimbo wa mchakamchaka. Shingo ikafunguka, ikatoka na Elinihaki ndani yake, imemkaba tumboni, anapumua kwa shida. Sifaeli akampaka samli, akangoja atoe pumzi, akavuta kama anavyomzalisha mbuzi. Ikachomoka.

Nakiete akasema, "Bila kusoma kwangu mngekuwa bado mnamwombea. Nachagua serikalini. Darasani kwetu tuko tisa tu, sina wa kucheza naye."

Eliaika akasema, "Bila wenzangu, maandishi yangebaki maandishi. Nachagua kwenye tai. Nataka dawati la peke yangu."

Sifaeli akasema, "Mlimtoa tangini akiwa anakufa. Aliyemtoa mzima ni mimi. Sisi tubaki na mbuzi, shule waende baba na mama, wakajifunze kupatana."

Namkunda alitamani kumpa haki Nakiete. Akamtazama mumewe, akamkuta anamkodolea macho Eliaika. Lakini kiapo kilikuwa kimewafunga midomo, Jumatatu ilikuwa inakuja, na mabinti watatu walikuwa wamesimama wakingoja.

Haya, ninyi ambao hamkuapa kunyamaza, semeni: nani alistahili kuchagua?