Kaburi la Ukingoni

Hapo zamani, na asiwadanganye mtu kwamba zamani ilikuwa tamu, mto Rufiji ulikuwa na tabia ile ile mnayoijua: mwaka huu unapita huku, mwaka ujao umehamia kule, umemeza shamba la mtu na wala hauombi radhi. Watu waliuheshimu kama mzazi. Ulilaza tope, mpunga ukaota. Mtoto akizaliwa, alioshwa kwa maji yake. Lakini mzazi naye ana hasira zake.

Basi palikuwa na mjane, Binti Nyangalio. Mumewe, mzee Mpili, alizikwa ukingoni, pembeni ya shamba lao. Masika yale mto ukaanza kuumega ukingo. Kila asubuhi mjane alipima kwa miguu: hatua ishirini hadi kaburini. Hatua kumi na tano. Hatua kumi. Mamba wa mto huu, akawaza, watamtafuna mume wangu mimi nikiangalia?

Dawa ilijulikana. Rufiji una mama watatu, mito inayouzaa: Ruaha, Ulanga na Luwegu. Ukiletewa maji ya mama zake wote, hukumbuka ulikotoka, ukaona haya, ukapita kando. Ila mchotaji hasemi na mtu njiani, na kibuyu hakigusi ardhi. Kikiharibika kimoja, vyote vimeharibika.

Mama akawatuma wanawe. Mtulia, mkubwa, akaenda Ruaha. Ndambwe akaenda Ulanga. Mwanjaa, binti wa mwisho, akaenda Luwegu. Wakaenda, wakaenda, wakachota, wakarudi.

Mtulia akakutana na mjomba wake, kaka wa mama yake.

"Mpwa wangu, habari za huko?"

Kimya.

"Mpwa wangu, nimekukosea nini?"

Kimya.

"Haya. Nikifa, usije kunizika."

Mtulia akashindwa. "Shikamoo, mjomba." Maji yakaharibika.

Ndambwe, karibu na nyumbani, akamkuta mke wa Mtulia amezama topeni hadi kiunoni, naye ana mimba kubwa. "Shemeji! Shemeji, nipe mkono!" Ndambwe akakaza macho mbele, akapita.

Mwanjaa akaja nyuma yake. "Wifi yangu!" Akatua kibuyu, akamvuta. Mama mtu akapona. Mimba haikupona.

Maji yakamwagwa mtoni, na mto haukusikia. Siku ya tatu ukingo ukaporomoka pamoja na kaburi. Sanda ilionekana mara moja tu juu ya maji, ikapotea.

Hapo ndugu wakageukiana.

"Mimi nilimwamkia mjomba," akasema Mtulia. "Mama, si wewe uliyenifunza kwamba anayempita mjomba bila salamu amelaaniwa? Lakini wewe, Ndambwe, umemwacha mke wangu topeni!"

"Kibuyu changu ndicho pekee kilichofika kizima," akasema Ndambwe. "Ningenyoosha mkono, mngeniita msaliti wa baba. Nimenyamaza, mnaniita mnyama. Mlitaka nifanye nini?"

"Ungemvuta wewe," akalia Mwanjaa, "kibuyu changu kisingegusa ardhi, na mtoto wa watu angekuwa hai!"

"Na changu je, si kingegusa?" akasema Ndambwe.

Binti Nyangalio hakumjibu hata mmoja. Maana lilikuwapo neno alilolijua peke yake: Mpili alipokuwa akikata roho alimshika mkono, akamwambia, "Nizikeni mlimani. Mto huu naujua mimi." Lakini yeye mjane alitaka kaburi karibu, alipitie kila aendapo kupalilia. Watu walipomuuliza akasema, "Hakuacha wosia."

Aliwatazama wanawe wakitukanana juu ya ukingo uliomeguka, akaendelea kunyamaza.

Haya, semeni, na asinijibu mtu kwamba ni mto, mto haukutumwa na mtu. Mtulia aliyeamkia, Ndambwe aliyepita, Mwanjaa aliyetua kibuyu, au mama aliyeficha wosia na hadi leo hajaufichua: je, nani alimtupa mzee Mpili majini?