Kicheko Kilichofika Shimoni

Paukwa!

Pakawa!

Mbona akina baba wameitikia kichovu? Paukwa tena!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, ndege na wanyama walikuwa na shirika. Shirika la Makuyu. Walichuma makuyu, wakawapelekea kanga wa bondeni, kanga nao wakawapa mtama. Mwenyekiti alikuwa Hondohondo, dume mwenye mdomo mkubwa na mikogo mikubwa zaidi. Kila alilopanga lilifaulu. Alisema yachumwe yaliyoiva tu, kanga wakafurahi. Alisema mti wa mtoni usiguswe, ukame ulipokuja mti huo ukawaokoa. Wenzake wakasema huyu amezaliwa na akili.

Akili zilikuwa za mkewe, Bi Shani.

Mnaijua desturi ya hondohondo? Jike akitaka kutaga huingia shimo la mti, huziba mlango kwa udongo, hubakiza ufa mwembamba tu. Humo hunyonyoka manyoya ya mabawa. Hukaa mpaka makinda wakue, naye mume humlisha kwenye ufa. Basi kanga walipumzika chini ya mti ule, na Bi Shani aliwasikia wanapenda nini, wanachukia nini. Mumewe akileta chakula, alimpa shauri. Hondo akaruka puru! hadi kikaoni, akalitoa kama lake.

Siku ya uchaguzi ikafika. Kikao kilikaa chini ya mti ule ule. Ninga, yule njiwa wa kijani, akamtaja Bi Shani awe mwenyekiti. Tumbili akaangua kicheko.

"Mke wa kujifungia shimoni ataongoza nini? Asiyekuwepo kikaoni hana neno. Iwe sheria."

Kwe! kwe! kwe! Wote wakamgeukia Hondo. Neno lake moja lingetosha. Lakini kiti kitamu, jamani. Naye akacheka, akawapita wote kwa kucheka. Sheria ikapita, kiti kikabaki chake.

Asubuhi akamletea mkewe kuyu na swali. Tumbili anataka yachumwe yote, mabichi kwa mabivu, hata ya mti wa mtoni, ili wawazidi nyani wa ng'ambo ya mto, wachumaji wenzao. Wafanyeje?

Sauti ikatoka kwenye ufa.

"Mume wangu, mimi sipo kikaoni. Neno nitalitoa wapi?"

Kumbe mkewe alikisikia kicheko! Hondo akaona haya kuuliza tena. Akarudi, akasema chumeni yote.

Wakachuma. Pu! pu! pu! Kanga wakaonja, wakatema, wakarudisha. Mti wa mtoni mtupu. Mtama hakuna. Hondo akazunguka msitu mzima, akarudi kwenye ufa hana kitu, na ndani makinda wanalia. Hapo akaelewa kwamba kicheko chake kinawaua wanawe.

Kikao kikaitwa chini ya mti ule ule. Tumbili anamlaumu Hondo, Hondo anamlaumu Tumbili. Mara huko juu: kong! kong! kong! Udongo ukapasuka. Bi Shani akatoka kabla ya siku zake, mabawa hayana unyoya, akaanguka chini pu, akainuka, akaja kwa miguu mpaka katikati yao. Wakapigwa na butwaa. Tangu dunia iumbwe, hondohondo hatoki hivyo!

"Mlinicheka nikiwa ndani," akasema. "Haya, nichekeni sasa nipo."

Hakuna aliyecheka.

"Mume wangu, waambie. Mti wa mtoni ulikuwa hauguswi kwa shauri la nani?"

Hondo akatazama chini. "Lako. Yote yalikuwa yako."

Miaka yote hiyo, kumbe walikuwa wakimtii waliyemcheka!

Bi Shani hakungoja wazinduke. "Nyani wana makuyu, hawana wateja. Sisi tuna wateja, hatuna makuyu. Nendeni mkashirikiane nao."

Wakaenda, wakapatana. Jioni makinda wakala.

Bi Shani akawa mwenyekiti. Sheria ikageuzwa: akiwa shimoni, kikao humfuata chini ya mti, na wote hunyamaza asikike. Na Hondo? Siku ile ile mkewe alipanda mti kurudi kwa makinda, naye akabeba udongo wa kuziba upya mlango. Tumbili akamuuliza yeye ana maoni gani juu ya sheria hiyo. Mdomo wake ulikuwa umejaa udongo.

Basi jifunzeni: uongozi ni akili, si udume. Ukimnyima mwanamke kiti huku unakula shauri lake, ipo siku utakosa vyote viwili.

Hadithi yangu naiziba hapo. Mwenye masikio nimemwachia ufa.